Pasaka Yetu Pwani ya Kovalam

Akina mama wenzetu, mwaka 2024 sisi wanawake watano wa usharika mmoja wa mjini Morogoro tulisherehekea sikukuu ya Pasaka mbali sana na nyumbani, katika pwani ya Kovalam, kusini kabisa mwa India. Tulikaa huko siku nne tu, na nia yetu ilikuwa kupumzika. Yaliyotupata hatukuyaandika mapema, kwa sababu mmoja wetu hakutaka yaandikwe. Sasa amekubali, kwa sharti kwamba asitajwe jina, nasi tumeona ni vyema asitajwe hata mmoja. Basi, msomaji, utuelewe hivi: katika kundi letu tulikuwamo wauguzi wawili, kisha Mwalimu wa sekondari, kisha Fundi, ambaye ni mshonaji wa nguo na ndiye mdogo wetu, na mkubwa wa wote, mjane wa miaka 64, ambaye sote tunamwita Mama Mkubwa.

Safari yetu ilianzia kwenye kibubu. Kwa miaka minne tulikuwa tukiweka kidogo kidogo kila tulipopokea upatu, kwa ajili ya goti la Mama Mkubwa lililokuwa limevimba na kumtesa mpaka akawa anapanda ngazi za kanisa kwa kukaa. Tulitaka apelekwe Vellore. Sisi wauguzi tangu chuoni tulikuwa tumesikia habari za hospitali ile na za Daktari Ida Scudder, binti wa daktari mmisionari wa Kimarekani. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja waume watatu walifika nyumbani kwao mmoja baada ya mwingine kuomba msaada, kila mmoja mke wake akiwa amekwama katika kujifungua. Wote walikataa mke ahudumiwe na daktari mwanamume, na hadi asubuhi wake wote watatu walikuwa wamekufa. Binti yule alikwenda Marekani kusomea udaktari, akarudi, na mwaka 1900 akaanza huko Vellore na kitanda kimoja. Mwaka 1909 akaanzisha mafunzo ya wauguzi, na mwaka 1918 chuo cha udaktari cha wanawake. Tulipoingia katika viwanja vile, sisi wawili tulijikuta tukitembea polepole kama watu walioingia kanisani.

Goti lilipimwa. Madaktari wakasema upasuaji si lazima kwa sasa: dawa, mazoezi na kupunguza uzito. Tukamshukuru Mungu. Ndipo tukagundua kuwa tumebakiwa na siku nne kabla ya ndege yetu, na tumebakiwa na fedha tulizoziweka kwa ajili ya chumba cha upasuaji. Hapo pakazuka ubishi.

Mmoja wetu sisi wauguzi, ambaye ndiye mhazini, alitaka fedha zirudi kwenye kibubu. Mwalimu akasema kuwa tangu aolewe, miaka 22, hajawahi kulala mahali ambapo asubuhi hakuna mtu wa kumwuliza soksi ziko wapi. Fundi akacheka, akasema kwake huulizwa chumvi, nayo iko mbele ya macho yao. Hebu tuseme ukweli, akina mama: ni nani kati yetu hajioni mwenye hatia akikaa kitako mchana? Tulipiga kura. Watatu tukachagua pwani. Mama Mkubwa peke yake alisema, kwa sauti ya chini, "Nirudisheni nyumbani, wanangu. Mimi bahari siitaki." Tukadhani anaogopa gharama. Tukamtania, tukamkumbatia, tukamkatia tiketi.

Usiku wa Alhamisi Kuu tulipanda treni katika stesheni ya Katpadi, ambayo ndiyo stesheni ya Vellore. Vitanda vya mabehewa yale vimepangwa vitatu vitatu, na cha chini tulimpa Mama Mkubwa. Usiku kucha wauzaji wa chai na kahawa walipita wakiita. Kulipopambazuka tulijikuta katika jimbo la Kerala, na kila mmoja wetu alishangaa dirishani: minazi, migomba, mihogo, udongo mwekundu, akina mama wakifagia uwanja wameinama. Mwenzetu muuguzi, ambaye kwao ni Bagamoyo, alisema, "Jamani, tumepotea, tumerudi kwetu."

Adhuhuri ya Ijumaa Kuu tulishuka Thiruvananthapuram, mji mkuu wa jimbo, tukachukua bajaji mbili kwenda Kovalam, safari ya kama kilomita 15. Huko wao huziita "auto", ingawa jina letu tumelitoa kwao.

Nyumba ya wageni tuliyofikia ni ya mama mmoja Mkristo, mjane kama Mama Mkubwa. Alipomwona tu na fimbo yake alimwita "Ammachi", yaani bibi, akamtafutia chumba cha chini ili asipande ngazi. Tuliomba tuingie jikoni mwake, naye akakubali. Tulichokiona kwanza kilikuwa mbuzi! Kibao cha kukalia, na mbele chuma chenye meno, vilevile kama cha kwetu, naye amekaa akikuna nazi. Chakula cha jioni kilikuwa muhogo wa kuchemsha, ambao wao huuita kappa, na mchuzi mwekundu wa samaki wenye ukali wa pilipili na ukwaju wa aina yao. Fundi alikula mpaka akalegeza kitenge. Mama mwenye nyumba alitwambia kwamba muhogo na samaki ni chakula cha wavuvi, naye alituonea haya kidogo kwa kutupa. Tulimwambia, mama, hiki ndicho tulichokifuata.

Kovalam ni ghuba ndogo ndogo zilizotengwa na miamba inayoingia baharini. Juu ya kilima cha kusini umesimama mnara wa taa wenye mistari myekundu na myeupe, uliofunguliwa mwaka 1972. Mchanga wake una weusi ndani yake, na maji yakirudi huuacha umechorwa kama nywele zilizosukwa. Wazungu hulala pale nusu uchi, na hilo halikutupendeza, lakini halikuwa letu. Akina mama wa Kihindi huingia majini na sari zao, wameshikana mikono mstari mzima, wakipiga kelele kila wimbi linapokuja. Hao ndio tuliowaiga. Sisi tuliingia na madera na khanga kiunoni.

Neno hili la mavazi tunaomba ulikumbuke, maana tutalirudia.

Jumamosi asubuhi tuliwatazama wavuvi wakivuta juya. Kamba mbili ndefu, wanaume kama ishirini kila upande, wanaimba na kurudi nyuma hatua kwa hatua, na mwisho wa yote samaki wakatoka wa kujaza makapu machache tu. Akina mama wauza samaki walikuwa wamekwisha fika na masufuria yao ya alumini, wakibishana bei kabla samaki hawajaacha kurukaruka. Mama Mkubwa hakushuka. Alikaa barazani juu, uso kwenye bahari, fimbo mapajani. Tulimpungia mkono, naye hakutupungia. Tulisema amechoka na safari.

Usiku wa kuamkia Pasaka tulikwenda na mama mwenye nyumba kwenye ibada huko Vizhinjam, bandari ya wavuvi iliyo upande wa pili wa mnara. Kanisa la wavuvi na msikiti hutazamana katika ukingo wa bandari ileile. Ibada ilikuwa katika lugha ya Kimalayalam, hatukuelewa kitu isipokuwa Haleluya na Amina, na hizo zilitutosha. Mbele yetu palikuwa na akina mama waliokaa pamoja. Mwenyeji wetu alitunong'oneza kwamba baadhi yao ni wajane wa kimbunga Ockhi. Mwishoni mwa Novemba 2017 kimbunga hicho kiliwakuta wavuvi wengi wa pwani ile wakiwa mbali baharini, na miili mingi haikupatikana. Mama Mkubwa alitaka tumwulize swali moja: je, akina mama hawa, walizika nini? Hatukulitafsiri. Tuliona si swali la usiku wa Pasaka. Alilia wakati wa mishumaa, nasi tukadhani ni Roho.

Siku ya Pasaka, Jumapili tarehe 31 Machi, tulikula appam, mikate laini ya mchele na tui, inayofanana na vibibi, pamoja na mchuzi wa nyama wenye nazi. Simu za nyumbani zilipigwa. Mume wa Mwalimu aliuliza birika liko wapi. Baada ya chakula tukamwendea Mama Mkubwa sote wanne kwa pamoja. Tukamwambia leo ni leo, hatuwezi kurudi Morogoro tukasema ulifika baharini ukatazama ukuta. Fundi alimbeba fimbo. Alishuka. Tulimwekea kiti cha plastiki kando ya mtumbwi uliokuwa umevutwa juu ya mchanga, tukamwachia mikoba na viatu vyetu.

Hali ya hewa ilikuwa tulivu. Upepo ulikuwa mdogo, mbingu haina wingu, jua kali. Tunasema hivyo kwa sababu kila tunayemsimulia huuliza kama kulikuwa na dalili ya dhoruba. Haikuwapo.

Kwenye saa tisa Mama Mkubwa alituita. Alisema maji yameipita kamba ya mtumbwi, na alipokaa hayakuwa karibu nayo. Mwenzetu wa Bagamoyo alimjibu kwa heshima kuwa ni maji kujaa, ndiyo kawaida. Mama Mkubwa akasema, "Maji ya kujaa hayarudi nyuma namna ile. Tazameni mawe." Tulitazama. Ni kweli, kila wimbi lilipoondoka lilikuwa likirudi mbali kuliko asubuhi, na mawe yaliyokuwa chini ya maji yalionekana. Tukasema, "Mama, pumzika." Maneno hayo mawili tuliyasema sisi, wauguzi wawili, watu tunaofundisha wenzetu kuwa mgonjwa akisema kuna kitu hakiko sawa asikilizwe.

Mwalimu na Fundi walikuwa majini, maji yakiwafika mapajani. Walinzi wa pwani wakaanza kupuliza filimbi na kuwapungia watu watoke. Watu wengine walitoka, wengine wakacheka kama tulivyocheka sisi. Kisha likaja wimbi ambalo halikuvunjika. Lilikuwa si refu sana, lakini lilikuwa pana na lilizidi kuja tu, kama mtu anayemwaga pipa. Lilipita walipokuwa waogaji, likapita viti, likafika kwenye mtumbwi na kuunyanyua. Mwenzetu mmoja alimdaka Mama Mkubwa kifuani, mwingine akadaka mikoba. Viatu vyote vilikwenda. Fundi alitupwa juu ya mchanga akiwa amejaa mchanga mdomoni. Mwalimu hatukumwona.

Tulipomwona alikuwa mbali tayari. Kichwa tu, karibu na miamba, na kila mara kikipotea. Mwalimu alikulia Mwanza, anajua kuogelea, na hilo lilikaribia kumwua, kwa sababu alikuwa akipiga mikono kwa nguvu zake zote kuja kwetu moja kwa moja, naye alikuwa akizidi kwenda. Dera lilikuwa limemfunga miguu. Sisi wauguzi wawili tukakimbilia majini. Hakuna kati yetu anayejua kuogelea. Mlinzi mmoja alimsukuma mwenzetu kifuani kwa mkono mpaka akakaa chini, kisha yeye akaingia na ubao wake.

Ndipo tukasikia sauti nyuma yetu. Mama Mkubwa alikuwa amesimama bila fimbo, amevua khanga yake ya begani, anaipunga juu ya kichwa na kupaza sauti ambayo hatujawahi kuisikia kwake hata kwaya ikiimba. "Lala! Lala chali! Mwanangu, usishindane nayo, lala chali!" Aliita hivyo mara nyingi sana.

Mwalimu alilala. Tuliona uso wake ukitazama juu na mikono imetanda. Mkondo ulimpeleka kando, nje ya miamba, ambako maji yalikuwa yametulia, na mlinzi akamfikia pale. Mwalimu mwenyewe anasema alimsikia Mama Mkubwa. Sisi tuliokuwa pembeni, kwa kelele ile ya maji na watu, hatujui kama inawezekana. Hatujabishana naye.

Alipoletwa alikuwa na fahamu, anakohoa, midomo haina rangi, na mguu wa kushoto umepasuliwa na mwamba. Watu walimzunguka. Bwana mmoja mwenye nia njema alitaka amlaze kifudifudi na kumkandamiza tumbo ili maji yatoke. Hapo angalau uuguzi wetu ulirudi. Tulimzuia. Akina mama, jambo hili tunaliona hata kwetu, kwenye visima na mabwawa: mtoto huinuliwa miguu juu, hutikiswa, hukandamizwa tumbo. Usifanye hivyo. Kinachoua ni kukosa hewa, na kumkandamiza tumbo kunaleta matapishi ambayo huingia kwenye mapafu. Anayepumua mlaze ubavu au mkalishe, mvue nguo za maji, mfunike, mpeleke hospitali. Asiyepumua anahitaji kupuliziwa hewa mdomoni mara moja na kukandamizwa kifua, bila kuacha, mpaka msaada ufike. Na hata aliyesimama na kusema "mimi mzima" asiachwe alale peke yake. Akiendelea kukohoa, akihema haraka au akisinzia kusiko kwa kawaida, mapafu yake yana maji.

Mwalimu alikuwa akihema haraka. Tulimpakia kwenye bajaji, na hospitalini walimwekea oksijeni, wakampiga picha ya kifua, wakamshona mguu nyuzi sita na kumchoma sindano ya pepopunda. Alilazwa usiku ule ili atazamwe.

Sisi wanne tulikaa kwenye benchi la ukumbini, miguu mitupu. Mama mwenye nyumba alitufuata na chakula katika vyombo vya kupandana, akatuletea ndara. Kutoka kwake tulisikia kwanza neno kallakkadal. Katika lugha yao kallan ni mwizi, na kadal ni bahari: bahari inayokuja kama mwizi. Wavuvi wamekuwa na neno hilo tangu zamani, na mwaka 2012 UNESCO ilikubali litumike kwa jambo hili katika sayansi. Wataalamu wa bahari wa India wameeleza kwamba dhoruba huvuma mbali sana kusini, huko kwenye bahari za baridi, na mawimbi yake husafiri siku nyingi chini ya anga safi mpaka yafike pwani ambako hakuna mtu aliyeona hata wingu. Mawimbi ya Pasaka ile yalitokana na dhoruba iliyoanza yapata wiki moja kabla, umbali wa kama kilomita 10,000. Sehemu nyingi za pwani ya jimbo ziliguswa, kuanzia Thiruvananthapuram, Kollam na Alappuzha hadi Thrissur. Maji yaliingia katika nyumba za wavuvi na familia zikahamishwa. Sisi tulipoteza viatu. Wao walipoteza magodoro, na hilo tulijifunza kulisema kwanza tunaposimulia.

Kama saa nne usiku Fundi, ambaye husema bila kupima, alimwuliza Mama Mkubwa alijifunza wapi kuogelea. Akajibu kuwa hajui kuogelea. Kisha akatueleza.

Alikuwa na mtoto wa kiume, wa tatu, ambaye hatukuwahi kusikia habari zake katika miaka yote tuliyosali pamoja. Mwaka 1997, akiwa na miaka 11, mtoto alikwenda mtoni na wenzake baada ya mvua, wakati Mama Mkubwa yuko shambani. Alijua kuogelea. Alishindana na mto ili arudi pale alipoacha nguo zake, kwa sababu zilikuwa nguo za shule na aliogopa kupigwa. Hawakumpata mpaka siku ya tatu. Mzee mmoja mvuvi aliyesaidia kumtafuta alimwambia, bila ubaya wowote, kwamba angelala chali tu na kuacha mto umchukue, ungemtoa kwenye kona ya chini. "Maneno yale nimekaa nayo miaka 27," alisema. "Sikuwa na mtu wa kumwambia."

Hatukuwa na la kusema. Tulikuwa tumemleta kwa nguvu, kwa utani na kwa kura. Mhazini wetu alimwomba radhi kwa niaba ya wote, naye akasema, "Mngejuaje? Sikusema." Hilo ni kweli, lakini alisema hataki, na hilo peke yake lingetosha.

Tangu siku ile tumekuwa tukizungumza na vikundi vya akina mama juu ya maji, na tunashangaa jinsi tulivyokuwa wajinga. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi hawapigi kelele. Mtoto anayezama hana pumzi ya kuita, hukaa wima, kichwa nyuma, kimya, hatua chache kutoka kwa mama anayepika. Sisi huwapima watoto uzito, huwachanja, huwafunika neti, kisha tunaacha ndoo imejaa uani na kisima wazi.

Na kuhusu bahari na mito, mkondo unaovuta haukuzamishi, hukupeleka. Usirudi ulikotokea. Elea, pumua, inua mkono, na ukiweza ogelea kando sambamba na ufuko mpaka nguvu yake iishe. Aliye nchi kavu asimfuate kama hajui kuogelea, kama tulivyotaka kufanya sisi wawili, ambapo tungekuwa maiti tatu. Tupa chochote kinachoelea: dumu tupu lililofungwa vizuri kifuniko linatosha, au khanga mbili zilizofungwa pamoja kama aliyemo yuko karibu. Walinzi wakipuliza filimbi, toka kwanza, uliza baadaye. Na dera ni vazi zuri sana, lakini likilowa ni kamba. Mikoani kwetu watu wa Dar es Salaam tunaowatembelea wanakumbuka kwamba tarehe 26 Desemba 2004, mawimbi ya tsunami yaliyotoka Indonesia, yaliwachukua hata watu waliokuwa wakiogelea katika pwani yetu wenyewe. Bahari ni moja.

Mwalimu aliruhusiwa Jumatatu mchana, akichechemea na kuuliza kama birika limepatikana. Hakutaka mumewe aambiwe kwa simu. Alimwambia mwenyewe walipokuwa wawili, na ndiyo maana habari hii imechelewa kukufikia.

Jumanne asubuhi tulifunga mizigo kwenda uwanja wa ndege. Bajaji zilipofika, Mama Mkubwa alisema zingoje kidogo. Alishuka ufukoni polepole na fimbo yake, nasi safari hii hatukumsukuma wala kumzuia, tulimfuata tu nyuma. Maji yalikuwa yametulia. Wavuvi walikuwa wakikausha nyavu, na mitumbwi ilikuwa imevutwa juu zaidi. Aliingiza miguu mpaka kwenye vifundo, akasimama pale muda mrefu, mdomo wake ukitembea. Hatukusogea kusikia.

Kisha akamwendea yule mlinzi, ambaye alikuwa amekaa chini ya mwavuli wake na filimbi shingoni. Kijana yule aliinuka. Mama Mkubwa alimpa ile khanga, imeoshwa na kukunjwa. Kwa ishara alimwonyesha kuwa ni ya mkewe, au ya mama yake kama hana mke. Kijana aliikunjua, akaona maandishi, akatuuliza kwa Kiingereza yanasema nini. Tulitazamana tukitafuta maneno. Mama Mkubwa hakungoja. Alimjibu mwenyewe kwa Kiswahili, maelezo marefu, na ndani yake tulisikia jina la mtoto wake, naye kijana alisimama akisikiliza mpaka akamaliza, huku bajaji zikitupigia honi barabarani.